Bakapu: klaudi au diski? Kwanza niambie una GB ngapi na bando la aina gani

Kupandisha bakapu (nakala ya akiba) ya GB 500 klaudi, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa spidi ya Mbps 2 (biti milioni 2 kwa sekunde) ni siku 23. Siku, sio masaa, na hapo laptopu haizimwi, umeme haukatiki, waifai haisumbui na hakuna mtu mwingine hapo nyumbani anayeangalia YouTube. Piga hesabu mwenyewe kama huamini, GB moja ni kama biti bilioni 8, zidisha mara 500 gawanya kwa milioni 2 unapata sekunde milioni 2, halafu gawanya kwa sekunde 86,400 za siku moja. Huwa naanza na hii hesabu kila mtu akiniambia "kaka we weka tu kila kitu klaudi uache kuhangaika na madiski", maana ushauri huo wengi wanautoa kwenye video za watu wa Marekani wenye faiba ya kupandisha gigabiti nzima, huko hizo GB 500 zinamaliza kupanda kabla ya mtu hajamaliza kuangalia muvi. Huku kwetu spidi inayotangazwa kwenye bango ni ya kushusha, ya kupandisha hata haitajwi, na wengi wetu hiyo faiba yenyewe hatuna, tuna simu, hotspoti na bando la wiki linalokata Alhamisi.

Mi nina stesheneri karibu na chuo hapa Dar, napiga chapa, natoa kopi, nafomati mashine, na pale inapowezekana narudisha mafaili ya watu, kwa hiyo hili swali la bakapu huwa linaingia dukani likiwa na sura ya mtu na mara nyingi huyo mtu ana machozi. Na msimamo wangu ni kwamba kwa mtu wa kawaida wa hapa, diski ndo mama, klaudi ni ya vitu vichache ambavyo vikipotea havitengenezeki tena. Watu wanauliza klaudi au diski kama vile ni Simba na Yanga, lazima uchague upande ukafie huko, wakati cha kwanza kabisa ni kufungua folda zako uone umebeba nini.

Mwenye laptopu ya GB 500 iliyojaa nyekundu akinikalia hapo kwenye benchi tukaanza kupekua, kinachokula nafasi kubwa ni kile kile. Muvi na sizini. Setapu za programu alizoshusha mara tatu tatu. Folda la WhatsApp lililokopiwa zima zima kutoka kwenye simu, na ndani yake video za asubuhi njema za magrupu ya ukoo. Video za harusi na sendofu, hizo ni nzito kweli na ni za maana. Picha. Halafu huku pembeni kabisa, kwenye Dokumenti au zimetupwa juu ya desktopu, ndo kuna vitu ambavyo mtu akivipoteza anachanganyikiwa: tasnifu, vyeti vilivyoskaniwa, kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kiwanja, hesabu za kikoba, CV, barua. Vyote hivyo ukiviweka pamoja mara nyingi havifiki hata GB 2. Yaani mtu anashindwa kufanya bakapu ya mtandaoni kwa sababu ya GB 400 za sizini za Kikorea wakati kinachomuuma ni GB 2.

Hizo GB 2 ndo ziende mtandaoni, leo, na bure inatosha. Google wanatoa GB 15 ambazo zinagawanwa na Gmail na picha, OneDrive na iCloud ni GB 5 kila moja, Dropbox GB 2. Angalia tu hiyo ya Google usiijaze picha, maana zamani picha za ubora wa kawaida zilikuwa hazihesabiwi, hiyo ofa ikaisha tarehe 1 Juni 2021 na watu wengi mpaka leo hawana habari, simu inapandisha picha kimya kimya mpaka GB 15 zinajaa, na zikijaa hata barua pepe hazikuingii. Nimeona watu wanasubiri majibu ya kazi kwenye Gmail iliyojaa video za mtoto anacheza.

Sasa hapo kwenye akaunti ndo kuna mambo ambayo watu wa diski hawayajui na watu wa klaudi hawayasemi. Faili lako mtandaoni liko salama kuliko kwenye diski yoyote utakayonunua, hilo sibishi, ila ufunguo wa kulifikia uko kwenye simu yako, na simu zinaibiwa. Mtu kaporwa simu Ubungo jioni, kesho yake anakuja dukani aingie kwenye Gmail yake kupitia kompyuta yangu, anaandika paswedi vizuri, Google inamuuliza namba iliyotumwa kwenye simu, simu hiyo saa hizi iko kwa fundi wa kuflashi. Anaenda kurudisha laini, bahati nzuri laini imesajiliwa kwa jina lake anairudisha. Ila wako wengi wanaotumia laini iliyosajiliwa na shemeji, au namba ya zamani waliyoiacha bila kuweka vocha mpaka ikafungwa ikapewa mtu mwingine, na hapo ndo mwisho wa habari. Dawa yake ni karatasi. Kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google, ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili, kuna sehemu inakupa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Zichape, ukurasa mmoja, weka na cheti chako cha kuzaliwa. Kuna watu wananicheka nikiwaambia wachape kitu cha mtandaoni kwenye karatasi, wanadhani natafuta hela ya kuchapa.

Na akaunti isiyofunguliwa kabisa miaka 2 Google wana ruhusa ya kuifuta pamoja na vilivyomo, walianza kufuta Desemba 2023. Kwa hiyo ile tabia ya kufungua akaunti mpya "ya bakapu tu" ukaisahau, acha. Tumia ile unayoingia kila siku.

Kuna jambo lingine linawachanganya watu kuliko yote, nalo ni kusinki. Kusinki maana yake folda la kwenye laptopu na folda la mtandaoni yanafanana muda wote, ukiandika huku kinaonekana kule, na ukifuta huku, kule nako kinafutika. Hiyo sio bakapu. Mdogo wako akifuta folda kwa bahati mbaya Jumatatu basi mtandaoni nako limefutwa Jumatatu hiyo hiyo, unabaki na pipa la taka ambalo Google Drive wanalisafisha baada ya siku 30, na ukija kugundua mwezi wa tatu ushachelewa. Sikatai kusinki, inasaidia sana laptopu ikiibiwa au ikifa ghafla. Ila kosa la mkono wa mtu inalinakili vile vile bila kuuliza.

Halafu Windows za siku hizi zikikuta mtandao wakati wa kuseti laptopu mpya zinahamishia Desktopu, Dokumenti na Picha kwenye OneDrive bila mwenye laptopu kuelewa alibonyeza nini, na ili kuokoa nafasi mafaili mengine yanabaki mtandaoni tu, kwenye laptopu unaona jina na kialama cha wingu pembeni yake. Kuna dada mmoja alikuja dukani siku ya mwisho ya kukusanya tasnifu, sitasema chuo gani, folda lake lilikuwa na alama za namna hiyo, ila sio lazima liwe la kampuni niliyoitaja, nyingi zinafanya hivi.

"Kaka mambo, nitolee kopi tatu, baindi ngumu, nairudia saa nane."

Nikafungua folda, naona sura ya kwanza mpaka ya tano zote zipo, majina mazuri kabisa, tarehe zake zipo. Nabonyeza, haifunguki. Nabonyeza tena, inasema haijaunganishwa na mtandao. Dada ananiangalia kama vile nimelivunja mimi. "Si hilo hapo kaka, jina lake hilo hapo!" Bando lake lilikuwa limekata usiku. Nikamwashia hotspoti yangu, kile kiwingu kikazunguka zunguka, faili zima lilikuwa na MB 11, likashuka, tukachapa, akawahi. Ingekuwa siku ambayo mtandao wenyewe haupo tungekaa tunaangaliana. Na siku hizo zimeshatokea, msijifanye mmesahau. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na huku Tanzania tukakaa siku kadhaa mtandao unajikokota, na mwishoni mwa Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Faili lako halikupotea siku hizo, lilikuwa salama salimini kwenye sava huko liliko, ila halikuwa na faida kwako. Kama una mafaili ya namna hiyo bonyeza kulia kwenye folda, chagua libaki kwenye kifaa hiki muda wote, basi, ni sekunde mbili.

Kampuni zenyewe pia huteleza. Novemba 2023 watumiaji kadhaa wa Google Drive ya kwenye kompyuta waliamka mafaili ya miezi mingi hayaonekani, Google wakakiri tatizo liko kwenye toleo la 84 la programu yao na wakatoa apdeti yenye njia ya kuyarudisha. Machi 10, 2021 jengo zima la sava la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa inakaa kwenye eneo lile lile. Kwa hiyo na huko nako kuna moto.

Haya, diski. Hapa nitakaa kidogo maana ndo wengi mtaishia.

Kwanza usinunue feki. Kuna flashi na eksteno (diski za nje za kuchomeka kwa USB) zinatembezwa mitaani na mtandaoni, imeandikwa TB 2, elfu ishirini na tano, mtu anaona amepata dili. Ndani yake kuna kichipu kimedanganywa kuiambia kompyuta kwamba nafasi ni TB 2 wakati kumbukumbu halisi labda ni GB 32. Ubaya wake ni kwamba haikatai, unakopi unakopi inakubali tu, ikishapita nafasi yake halisi inaandika juu ya vile vya mwanzo au inavitupa tu, majina ya mafaili unayaona, picha ukifungua ni kijivu. Mtu anaweza kukaa nayo mwaka mzima akijua ana bakapu. Kuna programu ndogo ya bure ya Wajerumani inaitwa H2testw, haihitaji kuisetapu, inajaza diski nzima kwa data za majaribio halafu inazisoma tena kuona kama zipo, kwa flashi kubwa inachukua masaa, iache usiku. Wa Linux na Mac watumie F3. Fanya hivyo kabla hujaweka kitu, na ukinunua Kariakoo dai risiti na muulize muuzaji mbele ya watu kama anakubali urudishe ikionekana ni feki, jibu lake tu linakuambia unanunua nini.

Kingine ni flashi zenyewe hata zilizo orijino. Flashi ni ya kubebea, sio ya kutunzia. Inapita kwenye kompyuta za maktaba, za stesheneri, za ofisini kwa mjomba, na inarudi na vile virusi vya shotikati, mnavijua, unafungua unakuta kila folda limegeuka shotikati ya KB 1 na mtu anapiga yowe data zimeenda. Kwa kawaida hazijaenda, zimefichwa, amri ya attrib -h -r -s /s /d kwenye CMD, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, inazitoa na mimi hiyo huwa naifanya hata bure. Tatizo ni kwamba kabla ya kufika kwangu mtu ameshapewa ushauri afomati, kaformati kweli, halafu akajaza muvi juu yake. Hapo sina uchawi.

Kwa hiyo kwa bakapu nunua eksteno, ile yenye sahani inayozunguka ndani au SSD isiyo na kitu kinachozunguka, zote sawa kulingana na mfuko. Ya kuzunguka ni rahisi kwa TB moja moja lakini haipendi kudondoka. SSD inavumilia kudondoka na ina kasi, ila usiiandike data ukaitupa kabatini miaka mingi bila kuichomeka, maana inatunza kwa chaji ya umeme na chaji hiyo hupungua taratibu, hasa kwenye joto. Kufa zote zinakufa. Kampuni ya bakapu za mtandaoni ya Backblaze ya Marekani ina maelfu kwa maelfu ya diski na tangu 2013 wanatangaza hadharani zinavyokufa, kwa mwaka huwa zinacheza kwenye 1 hadi 2 kati ya kila 100, na hizo zimefungwa kwenye raki, chumba kina kiyoyozi, umeme hautetereki. Yako inapanda bodaboda.

Mama mmoja mwalimu mstaafu aliniletea ya kwake imefungwa kwenye kitambaa cha mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imeanguka kidogo tu, hata haijapasuka."

Nikachomeka nikasogeza sikio, ndani inagonga tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena. Huo mlio ukiusikia chomoa papo hapo na usichomeke tena kujaribu, kile kichwa kinachosoma kinahangaika juu ya sahani na kila ukiwasha kinaweza kuzidi kuikwangua. Kutoa data hapo ni kazi ya watu wenye vifaa maalum na bei yao unaweza kununulia diski kadhaa mpya. Bahati yake binti yake aliyeko Morogoro aliwahi kukopi picha zote za marehemu baba yao mwaka wa nyuma yake, tena alikopi kwa sababu alitaka kutengeneza kalenda, hata bakapu hakuwaza.

Hiyo ya Morogoro ndo mnatakiwa kuifanya kwa makusudi. Kuna kanuni inaitwa 3-2-1, anayetajwa sana kuieneza ni mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya hapo ulipo. Watu wanaisoma wanaogopa wanadhani ni ya makampuni. Kwa hapa kwetu ni hivi, moja iko kwenye laptopu, moja kwenye eksteno hapo nyumbani, moja kwenye eksteno ya pili inayokaa kwa dada au kwa wazazi, na zile GB 2 za maana zipo mtandaoni juu yake. Ukienda kijijini Desemba unaibeba ya nyumbani unarudi na ile nyingine. Mwizi akivunja anabeba laptopu na eksteno iliyo pembeni yake kwa pamoja, haachi moja akakuhurumia, maji ya Msimbazi yakiingia ndani hayachagui droo, na soko la Kariakoo lilivyoungua ile Julai 2021 lilikuwa usiku wakati wafanyabiashara wako makwao. Eksteno mbili ndani ya begi moja ni nakala moja tu kwa mtazamo wangu.

Na usiiache imechomekwa. Hili nalirudia mpaka nachosha. Bakapu iliyochomekwa masaa 24 inapata kila kinachoipata laptopu, umeme ukirudi kwa kishindo unapiga vyote, na vile virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela, kama WannaCry iliyozunguka zaidi ya nchi 150 Mei 2017, vinafunga na chochote kilichochomekwa kwa wakati huo. Chomeka, kopi, chomoa, weka mbali. Wa pwani na visiwani ifungeni kwenye mfuko usiopitisha hewa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, hewa ya chumvi inakula milango ya USB, mafundi wa Zanzibar wanajua ninachosema.

Programu ya kukopia sio ishu kubwa. Mac ina Time Machine tangu 2007, iwashe. Windows ina File History, ingawa wameificha ficha kwenye Control Panel. Mi napenda FreeFileSync, ya bure, inakuonyesha kabla ya kukopi nini kimeongezeka na nini kimebadilika, ila uiwekee iwe inaongeza na kuapdeti tu, isiwe ya kufananisha pande zote mbili la sivyo tunarudi kule kule kwenye kusinki. Ukiweka diski kwa ndugu na ndani kuna mikataba na mishahara, ifunge kwa paswedi, VeraCrypt inafanya bure, na paswedi iandike kwenye ile karatasi ya namba 10. Na ukifomati diski chagua mpangilio wa exFAT kama una Windows na Mac nyumbani, maana mpangilio wa NTFS Mac inausoma bila kuandika na ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, video ya harusi itagoma katikati utadhani diski ni mbovu.

Kuna watu ambao kwao ushauri wangu ugeuzwe juu chini. Kama uko Muscat au Minneapolis na una faiba isiyo na kikomo, au uko hapa hapa Dar na ofisi inakulipia, weka kila kitu mtandaoni na diski iwe ya ziada, huduma kama ya Backblaze ni dola 99 kwa mwaka kwa kompyuta moja kwa bei waliyoweka 2023, bila kikomo cha GB. Mpiga picha wa harusi naye aingie gharama zote mbili, maana zile sio picha zake, ni za watu waliolipa. Lakini mwanafunzi, mwalimu, mama wa duka, mtu anayelipia kwa virtual kadi ya kwenye simu na siku kadi haina salio huduma inasimama, huyo sitamwambia aweke maisha yake yote kwenye kitu cha kulipia kila mwezi kwa dola.

Kabla hujasema una bakapu, chagua faili moja la zamani uliloliweka huko, lifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Likifunguka, sawa. Wengi wanaoniambia "mi ninayo bakapu kaka" hawajawahi kuifungua tangu waiweke.

La mwisho, nimeulizwa sana wiki hii: laptopu ikifa kabisa haiwaki, si unachomoa tu diski ya ndani unaiweka kwenye keisi ya USB unachukua vitu vyako? Zamani ndio, na kwa laptopu nyingi za miaka ya nyuma bado inawezekana, angalia kwanza kama ya kwako ni ya SATA ya inchi 2.5 au ni kile kijiti cha M.2 maana keisi zake ni tofauti, na laptopu nyingine siku hizi hifadhi imechomelewa kwenye ubao haitoki kabisa. Lakini Windows 11 mpya nyingi zinakuja diski imeshafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila wewe kuwasha chochote, ukiichomeka kwingine inakuomba namba ya tarakimu 48. Namba hiyo iko kwenye akaunti ya Microsoft uliyosetia laptopu siku ya kwanza, kwa hiyo laptopu ikiwa bado nzima ingia kwenye hiyo akaunti uitafute na uichape. Kama laptopu alikusetia fundi kwa imeli yake, mtafute huyo fundi sasa hivi.